Waliozikwa Kabla ya Kubatizwa

Kuna barua niliyopewa niiposti, nami sikuiposti. Sijamwambia mtu yeyote. Si mama, si shangazi Maureen. Aliyeiandika anaamini mpaka leo kwamba ilifika.

Aliyeiandika ni babu yangu, Edgar Sneath wa kijiji cha Quadby. Alifanya kazi kwenye kibanda cha ishara za reli mpaka reli yetu ilipofungwa, na kwa miaka thelathini alikuwa akinakili rejesta ya zamani ya kanisa la Quadby, ubatizo, ndoa na mazishi, ili Chama cha Kumbukumbu za Kaunti kiitoe kama kitabu. Mimi nilipomaliza shule nilipata kazi katika Hifadhi ya Nyaraka ya kaunti, mjini Sallowby, maili arobaini kutoka nyumbani. Babu hana simu. Anasema simu ni ya kuita zimamoto. Kwa hiyo tuliandikiana. Barua zangu ninazo kwa sababu huwa naandika mara mbili, kwanza kwa penseli.

*

Sallowby, 18 Septemba 1983

Babu mpenzi,

Hujambo wewe na maharage yako? Mimi mzima. Bi. Pask, mwenye nyumba, ananipa chai na samaki wa kukaushwa kila asubuhi, na kila asubuhi ananiuliza kama nina mchumba. Mwambie mama koti limefika, asante.

Kazi yangu ni kuleta masanduku na kuyarudisha. Saa tatu na nusu tunafungua mlango, na wazee wanne huwa tayari wamesimama nje kama wanangoja mkate. Bwana Leggott, mkuu wa chumba cha kusomea, alininyang'anya kalamu siku ya kwanza. "Humu ndani ni penseli tu, binti. Tone moja la wino kwenye karatasi ya miaka mia tatu, na mimi nawe tutakwenda kuvuna viazi." Sikujua kama ni mzaha, nikaomba radhi. Wazee wakacheka.

Rejesta yetu nimeiona, Babu. Ile uliyokuwa ukinionyesha kule kanisani nikiwa mdogo. Tangu waihamishie huku mwaka wa 1979 imelazwa kwenye sanduku la kijivu, imefungwa utepe mweupe. Niliifungua, nikanusa zile kurasa za ngozi, nikaifunga. Sikutaka Bwana Leggott anione.

Nisalimie shangazi Maureen na mguu wake.

Mjukuu wako,
Lorna

*

Quadby, 2 Oktoba 1983

Lorna, binti yangu,

Barua yako imefika na tumefurahi. Mguu wa Maureen unaendelea vile vile, yaani yeye anaulalamikia na mimi namsikiliza. Maharage yamekwisha, sasa ni zamu ya vitunguu. Mama yako alikuja Jumapili na mkate wa zabibu mgumu kama tofali. Usimwambie nimesema.

Sasa kazi. Nimekuwekea humu kurasa za prufu, zile za majaribio za kusahihishwa, kutoka kwa mpiga chapa, kitabu chote, kurasa 212. Meja Thirkettle, katibu wa Chama, anazitaka kabla ya Pasaka. Miaka thelathini, Lorna, na sasa inaingia kwenye bahasha moja! Nakuomba unisaidie kuzipitia, kwa kuwa mimi nina shughuli nyingi za bustani. Angalia majina tu, kama herufi zimekaa sawa. Tarehe ziache. Tarehe ni kazi yangu.

Dibaji isome polepole, niliiandika mara tisa. Sentensi ninayoipenda ni hii: "Kila mstari wa kitabu hiki umesomwa kwenye ngozi yenyewe, si kwenye nakala ya mtu." Hivyo ndivyo kazi hii inavyotakiwa kufanywa. Meja mwenyewe aliisifu.

Je, umeomba tena chuo kikuu? Hujaniambia.

Babu yako,
E. Sneath

*

Sallowby, 30 Oktoba 1983

Babu mpenzi,

Samahani kwa kukawia. Nilipata mafua, na Bi. Pask akanipaka mafuta ya kafuri kifuani mpaka nikawa nanuka kama kabati. Sasa nimepona. Mwambie mama silali na nywele mbichi.

Prufu nazipitia saa ya chakula cha mchana. Bwana Leggott ameniruhusu kuweka rejesta mezani pembeni, ili nikipata jina lenye shaka nilitazame. Jana alipita akasema, "Bado na Quadby yako? Wenzio wako sinema, wewe uko na wafu." Mmoja wa wazee wetu, Bwana Cobbold, akamjibu, "Wafu angalau hawamwambii mtu anyamaze, Leggott."

Majina ni mazuri sana, Babu. Makosa manne tu mpaka sasa. Uliniambia tarehe niziache, nami naziacha, lakini kuna mtoto mmoja ananisumbua. Ukurasa wa 119. Anaitwa Ann Rudkin. Prufu inasema alizikwa Desemba 1703. Kisha inasema alibatizwa Februari 1704. Baba ni yule yule, Robert, mshona viatu. Nikadhani ni watoto wawili, nikatazama kwenye ngozi. Mtoto ni mmoja.

Labda mpiga chapa amekosea. Ungependa niirekebishe?

Lorna

*

Quadby, 27 Novemba 1983

Lorna,

Hapa ni ukungu mtupu tangu wiki iliyopita. Njiwa wa jirani wameingia kwenye kabichi zangu, nimetundika mikebe lakini hawajali. Maureen ameweka balbu kubwa jikoni bila kuniuliza. Ukikaa mezani unadhani unahojiwa na polisi. Mama yako anasema utakuja Krismasi tarehe 24, na mimi nimemwagiza muuza nyama pai ya nguruwe, ile ya Haddon, si ile nyingine.

Mzee Cobbold wako namkumbuka. Aliwahi kuja Quadby kutafuta mababu zake, akapata mmoja aliyenyongwa, akarudi kwao amefurahi sana.

Majina endelea nayo. Usijichoshe.

Babu

*

Sallowby, 4 Desemba 1983

Babu mpenzi,

Tumeanza kuganda huku. Hita ya chumba cha kusomea imeharibika, na wazee wanasoma wakiwa na kofia. Mimi nina soksi mbili kila mguu. Nashukuru kwa pai, nitakuja na chai nzuri ya dukani.

Barua yako haikusema lolote kuhusu Ann Rudkin, na mimi sikutaka kuuliza tena. Lakini nimekuwa nikimwaza wiki nzima. Wewe ndiye uliyenifundisha jambo hili, kule kwenye kibanda cha reli, kwa hiyo utanisamehe nikilirudia.

Zamani hizo mwaka mpya haukuanza Januari, ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari iliyofuata Desemba 1702 bado iliandikwa Februari 1702. Sisi leo tungeiita Februari 1703, na anayenakili huongeza mwaka mmoja ili msomaji asipotee. Kwenye ngozi, Ann amebatizwa Februari 1702. Ongeza mwaka, ni 1703. Desemba ya mwaka huo akafa, akiwa na miezi kumi. Kila kitu kimekaa mahali pake. Lakini prufu inasema 1704. Mwaka umeongezwa mara mbili.

Si Ann peke yake, Babu. Kuanzia ukurasa wa 94 mpaka mwisho, kila Januari, kila Februari na kila Machi kabla ya tarehe 25 imesogea mwaka mmoja mbele. Nimehesabu watoto kumi na wawili waliozikwa kabla ya kubatizwa, na bwana mmoja anayeoa miezi kadhaa baada ya mazishi yake. Kabla ya ukurasa wa 94 hakuna kosa hata moja.

Katika orodha yetu ya vitu vilivyobaki kanisani Quadby nimeona hiki: "Daftari moja, nakala ya rejesta kwa mkono wa Kasisi Tindall, 1894." Je, Kasisi Tindall alikuwa ameshaongeza ule mwaka ndani ya daftari lake? Na wewe uliwahi kulitumia?

Naomba usinikasirikie.

Lorna

*

Quadby, 22 Januari 1984

Lorna,

Asante kwa chai. Maureen amepata barua kutoka hospitali kuhusu goti. Theluji haijakaa.

Krismasi tulikaa meza moja siku tatu. Ulinikatia pai, ukanijazia kikombe, ukanisomea gazeti zima mpaka matangazo ya mbwa waliopotea. Hukuniuliza kitu. Kwa hiyo sioni kwa nini nijibu kwenye karatasi kile ambacho hukutaka kuniuliza usoni.

Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa. Nilikwenda kanisani kila Alhamisi, mvua na jua, ufunguo wa kanisa mfukoni. Sihitaji kufundishwa tarehe na mtoto wa juzi aliyetoka shule.

Zirudishe prufu kama zilivyo.

E. Sneath

*

Quadby, 12 Februari 1984

Lorna, binti yangu,

Barua ya mwezi uliopita ichome. Ilikuwa barua ya mzee mwenye hasira, na hasira yenyewe haikuwa yako.

Maureen hajambo. Nimemwambia nakuandikia juu ya mbegu, kwa hiyo ukija zungumza juu ya mbegu.

Nitakwambia mara moja tu. Rejesta walipoichukua mwaka wa 1979, nilikuwa nimefika mwaka wa 1690. Nilikuja Sallowby mara tatu. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na siku ile ya tatu nilikosa la pili nikalala kwenye benchi la kituo. Mimi, niliyeongoza treni miaka thelathini na moja na sikuchelewesha hata moja. Na nilipofika, nilikaa kwenye kile chumba chenu saa mbili nzima na sikuweza kusoma mstari. Nilidhani ni taa. Nikabadilisha kiti, nikadhani ni dirisha. Halikuwa dirisha. Hapo mezani palikuwa na kijana aliyekuwa akisoma bila hata kuinama.

Daftari la Tindall lilikuwa kanisani, kwa herufi nene, nyeusi. Nikasema nitalitumia kwa mwaka mmoja tu, mpaka macho yatulie. Hayakutulia. Na sikumwambia mtu. Wala sikukumbuka kwamba Tindall alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, kwamba lazima alishaunyoosha mwaka. Nikaongeza wangu juu ya wake. Barua yako ya Desemba niliisoma kwa lenzi, siku mbili.

Kisha nikaandika ile dibaji. Mara tisa, Lorna. Mara zote tisa niliiacha sentensi ile.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu kwa Meja Thirkettle. Prufu ziko kwako, kwa hiyo ziweke pamoja nayo umpelekee. Sijafunga bahasha ili urekebishe mistari iliyopanda juu ya mingine. Maneno yaache kama yalivyo.

Babu yako

*

[Hii ndiyo iliyokuwa ndani.]

Meja Thirkettle,

Kitabu changu kisichapishwe. Kuanzia ukurasa wa 94 sikuisoma rejesta. Nilinakili daftari la mtu mwingine na kuharibu tarehe zake. Sentensi ya dibaji ni uongo na nilijua ni uongo. Macho yangu hayawezi tena kuirekebisha kazi, na sina haki ya kuomba muda. Naomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya wanachama.

Edgar Sneath

*

Sallowby, 26 Februari 1984

Babu mpenzi,

Huku hatujambo, na hita imetengenezwa. Bi. Pask amepata paka mpya, anamwita Askofu kwa sababu hafanyi kitu na kila mtu anampisha. Natumaini mbegu zinaota vizuri (hii ni ya shangazi Maureen).

Barua yako nimeisoma. Nakushukuru kwa kuniambia, na mimi nitakwambia langu. Umeniuliza kuhusu chuo kikuu mara nyingi. Nyumbani niliwaambia walinikataa. Hawakunikataa. Niliitwa kwenye usaili, nikapanda treni, nikafika mpaka langoni. Pale langoni palikuwa na mlinzi aliyesema, "Ingia tu, mrembo, hawaumi." Nikamshukuru, nikageuka, nikarudi stesheni. Nilikaa stesheni muda wa saa nne ili nisifike nyumbani mapema.

Kifurushi bado hakijaondoka. Naomba muda kidogo, bado napitia majina kama ulivyoniagiza mwanzo.

Lorna

*

Quadby, 18 Machi 1984

Lorna,

Saa nne stesheni, na hukuniambia! Ningekwambia treni zipi zinapita.

Mama yako hatajua kutoka kwangu.

Je, Meja amejibu? Nasikiliza posta kila asubuhi. Mleta barua anapita na baiskeli ileile yenye mlio, namsikia tangu kwenye daraja, kisha namsikia anapita. Nimeshachoka kusubiri kuaibika. Bora kuaibika kwenyewe.

Maureen anasema nile. Nakula.

Babu

*

Sallowby, 15 Aprili 1984

Babu mpenzi,

Natumaini umeonja ile jamu niliyompa mama. Huku maua ya manjano yametoka mbele ya ofisi, na Bwana Cobbold amelazwa kwa mapafu, lakini ametuma ujumbe kiti chake asikalie mtu. Mimi nimechoka kidogo tu, macho yananiwasha. Bi. Pask ananiwekea majani ya chai ya baridi juu yake.

Kifurushi nimekiposti jana asubuhi, kwa posta ya kusajiliwa, nikapewa risiti.

Pasaka sitaweza kuja, nisamehe. Nataka kulala.

Lorna

*

[Hapa lazima niseme nilichokifanya. Kuanzia ile Jumatatu baada ya barua yake ya Februari, niliisoma rejesta yenyewe, kutoka ukurasa wa 94 wa prufu mpaka mwisho. Mistari elfu mbili mia nne na kidogo. Saa ya chakula, Jumamosi asubuhi, na baada ya kufunga, mpaka mfagiaji anaponiambia nitoke. Tarehe zilizosogea zilikuwa mia sita na kumi na nne. Lakini hizo hazikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa wale ambao Kasisi Tindall hakuwaandika kabisa. Mtoto asiye na baba aliyetajwa, Tindall alimruka, kana kwamba hakubebwa kanisani. Walikuwa thelathini na saba. Nikawarudisha kwa penseli pembezoni mwa prufu, mmoja mmoja.

Bwana Leggott aliona. Siku moja alisimama nyuma yangu muda mrefu, nikangoja afoke. Akasema, "Ile si N, ni H. Mwandishi huyu miguu ya herufi zake ni mifupi," akaondoka. Kesho yake nikakuta taa nzuri mezani.

Ile sentensi ya dibaji sikuigusa. Nilipomaliza ilikuwa kweli. Kila mstari ulikuwa umesomwa kwenye ngozi. Nilifunga kifurushi na kadi iliyosema "Pamoja na masahihisho", bila jina. Barua ya Babu kwa Meja sikuitia humo; nikaiacha mezani, halafu nikaiondoa mezani.]

*

Quadby, 10 Juni 1984

Lorna, binti yangu,

Maureen amepasuliwa goti na sasa anatembea kama bata, lakini anacheka. Njegere zimeota vizuri. Kaka yako amepata leseni ya gari, tuombe.

Meja ameandika. Nimeisoma mara nne kwa lenzi ili nisikosee. Anasema prufu zimefika salama, mpiga chapa amenung'unika juu ya wingi wa masahihisho lakini ameyatia, na kitabu kitatoka Septemba. Juzuu ya sitini na mbili ya Chama. Ananitakia afya njema. Basi! Neno moja kuhusu barua yangu hakuna. Wala kuhusu sentensi ile.

Nimekaa na barua hiyo bustanini mpaka Maureen akaja kuniuliza kama nimeona nyoka. Unaelewa walichofanya, Lorna? Wameisoma aibu yangu, wakaikunja, wakaiweka mfukoni. Bila shaka walitafuta mtu akarekebisha tarehe. Na hawakunifanya nishukuru. Nimekutana na Meja mara mbili tu maishani na nilimwona ni mtu wa majivuno. Nilimkosea.

Mkutano wa mwaka wa Chama ni Oktoba 20, hapo Sallowby. Maureen amekubali kunisindikiza. Nitasimama mbele yao wote niwashukuru, na niseme wazi ni kwa jambo gani. Sitaki kufa nikiwa nimenyamaza.

Babu yako

*

Sallowby, 17 Juni 1984

Babu mpenzi,

Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe, bila shangazi. Pole yake kwa goti. Hongera kwa kaka, nimemwambia asinipitie.

Nimefurahi mno kuhusu kitabu, mpaka Bi. Pask akaniuliza kama ni mchumba. Nikamwambia ni juzuu ya sitini na mbili. Akasema, "Angalau hiyo haitakuacha."

Babu, nakuomba usisimame. Kama Meja hakutaja, ni kwa sababu hakutaka kutaja. Ukimshukuru mbele za watu itabidi aseme kitu, na wewe unajua watu wa namna ile. Akilazimishwa kusema neno la huruma hadharani atakosa pa kuweka mikono. Bwana Cobbold (amerudi, kiti chake kipo) aliwahi kumshukuru Bwana Leggott kwa kuja kwenye mazishi ya mkewe, na Bwana Leggott akaingia chumba cha masanduku hakutoka mpaka saa sita. Waache na wema wao. Nenda, keti, chukua kitabu chako, unywe chai yao, useme vitunguu vimestawi mwaka huu.

Naomba sana. Siombi mambo mengi.

Lorna

*

Quadby, 28 Oktoba 1984

Lorna, binti yangu,

Nimefika salama, ingawa kaka yako anaendesha kama anayekimbia wanaomdai. Nilifurahi kukuona hapo mlangoni, umevaa vizuri, ukigawa vikombe. Umekonda. Mama yako ameona pia.

Nilifanya ulivyosema. Meja aliponishika mkono alisema, "Kazi kubwa, Sneath." Nikamtazama, nikamwambia vitunguu vimestawi. Akasema vyake vimeoza. Tukasimama hapo kama magogo mawili, na nikajua ulikuwa sahihi, alikuwa anaona haya kwa ajili yangu. Ningesema zaidi angekimbia.

Sasa nikwambie jingine. Tangu tulipopata kitabu, Maureen hunisomea kila baada ya chai, kurasa kumi, kuanzia ule wa 94. Alisoma Ann Rudkin. Amebatizwa, kisha amezikwa. Nikamwambia arudie. Kisha tukafika mwaka wa 1719, akasoma: "Thomas, mwana wa Mary Sneath, baba hakutajwa." Nikamwambia hapo hapana, hakuna huyo. Akasema yupo. Nikamwambia aendelee, na kila baada ya kurasa kadhaa akatokea mwingine, mtoto wa mama peke yake. Hawakuwamo kwenye daftari la Tindall, naapa. Maureen amefurahi sana kujua kwamba sisi kina Sneath tunatokana na Mary na mtu wa kupita njia. Amemwambia muuza nyama.

Kwa hiyo hawakurekebisha tarehe tu. Tarehe mtu angeweza kuzirekebisha akiwa amekaa nyumbani kwake. Kuna mtu aliyekaa hapo kwenu akaisoma ngozi yote upya, mstari kwa mstari, kumbukumbu za miaka sitini, kwa ajili ya kitabu chenye jina langu. Meja hakuniambia ni nani na siwezi kumuuliza. Labda ni mmoja wa wasomi wao wa chuo kikuu. Nawaza macho yake. Najua kazi ile inavyofanya macho, na shingo, na mkono. Hakuna aliyemlipa hata kwa neno. Kila Maureen anapofunga kitabu, nasema asante kimya kimya, na sina pa kuielekeza.

Wewe uko hapo kila siku. Ukisikia jina lake, usimwambie kwamba najua. Lakini umjazie kikombe.

Babu yako,
E. Sneath

*

Barua hiyo sikuijibu kwa wiki tano, na nilipoijibu nilizungumzia hali ya hewa. Kila Jumapili nilikaa na penseli. Mara mbili niliandika, "Babu, ni mimi." Mara zote mbili nikaona kwamba nikimpa jina la msomaji, namnyang'anya Meja, namnyang'anya ule mkono uliokunja aibu yake ukaiweka mfukoni. Angejua kwamba hakuna aliyemsamehe, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa. Angebaki na mjukuu aliyemficha barua.

Basi nimeyaandika hapa, kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu nimechoka kuyabeba peke yangu na sijui pengine pa kuyatua. Babu ana miaka themanini na mmoja. Bado anasikiliza baiskeli ya posta, sasa kwa furaha. Ukiwahi kuingia kwenye maktaba ya kaunti yoyote ukaikuta juzuu ya sitini na mbili, yenye jalada la kijani, isome, itumie, watafute watu wako humo. Lakini ukikutana na mtu wa Quadby, au na Meja mrefu mwenye haya, tafadhali, haya uliyosoma yaishie kwako.